Bei ya Kisanduku: Kutoka Raha Leo hadi Mponde

Shemeji yangu wa Mponde alinipigia simu usiku, saa ambayo watu wa milimani aghalabu wamekwisha kujifunika mablanketi. Moyo ulinishtuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe alikuwa na swali. "Shemeji, wewe ni mtu wa vitabu. Hiki kisanduku kipya cha televisheni, kinachovuta picha kutoka kwenye intaneti, kinastahili fedha wanazozitaka?" Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa amemwambia kwamba dishi limepitwa na wakati. Dukani Lushoto alikuwa ametajiwa shilingi 150,000. Naye, kama mkulima yeyote wa chai, alikuwa amekwisha kuigeuza bei hiyo kuwa majani. Kwa shilingi 300 na kitu alizolipwa mara ya mwisho kwa kilo, kisanduku kile kilikuwa sawa na kilo zinazokaribia 500 za majani mabichi, majani mawili na chipukizi lake, yaliyochumwa kwa vidole vya mkewe na vya binti yake. Na binti huyo yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na ada yake inatoka katika majani hayo hayo.

Nilimwahidi jibu baada ya wiki moja. Zimepita nyingi zaidi ya hiyo, kwani kila nilipolishika swali lake nililikuta limekwisha kuulizwa na watu wengine kabla yetu, katika pwani hii na katika milima ile, kuhusu visanduku vingine. Nikaona afadhali nilifuate tangu mbali.

Kisanduku cha kwanza kilichouzwa kwa makusudi kwa mwananchi wa kawaida katika sehemu zetu hizi za Afrika kilitoka Lusaka. Mwaka 1949 afisa wa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin, alifanikiwa kuishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ndogo ya betri, ambayo kiunzi chake cha mwanzo kilikuwa sufuria hasa, na jina la sufuria likaigandama. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5. Msomaji aziangalie vizuri namba hizo mbili. Betri peke yake ilikuwa robo ya bei ya redio, na redio hununuliwa mara moja, ilhali betri hufa na kununuliwa tena. Kibarua wa migodini aliyetoa pauni 5 alikuwa amelipia mlango tu, na kuingia ndani kukawa na malipo yake.

Hapa Unguja Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na jina la Raha Leo likawa sawa na jina la redio yenyewe. Wazee wetu hawakuwa na seti nyumba kwa nyumba. Alikuwa nayo mwenye mkahawa, na aliyekunywa kahawa alisikiliza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1954, Cairo nayo ikaanza kusema Kiswahili, na mwaka 1957 ikafuata BBC ya London. Kikombe kimoja cha kahawa kikawa kinabeba habari za miji mitatu. Husemwa leo kwamba watu wa zamani hawakuwa na uwezo wa kununua redio, na ni kweli, lakini nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba hawakuiona haja ya kila mtu kununua yake, wakati sauti haipungui kwa kusikilizwa na watu 30.

Nasema haya nikiwa na deni. Mimi sikupita chuo chochote. Kiingereza changu na ujuzi wangu wa vina na mizani nilivipata kwa redio, kamusi mbili na masahihisho ya watu walionihurumia. Kwa hiyo sistahiki kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaodhani kwamba kila fedha inayotoka kwa ajili ya sauti na picha ni fedha iliyopotea.

Sasa tufike mwaka 1973, kwani hapo ndipo swali la shemeji yangu lilipoulizwa na dola zima, likajibiwa majibu mawili katika nchi moja. Katika mwaka huo Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha, tena za rangi, ya kwanza ya rangi katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. London yenyewe ilikuwa imeanza kuona rangi mwaka 1967 tu, na Afrika ya Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, haikuwa na televisheni ya aina yoyote hadi Januari 1976. Sheikh Abeid Amani Karume alikuwa ameuawa Aprili 1972, na kituo kikafunguka katika utawala wa Sheikh Aboud Jumbe. Fedha zilitoka katika karafuu, ambayo miaka ile ilikuwa na bei nzuri. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa fahari hadi leo, na wana haki. Lakini watu wa umri wa wazazi wangu wanaikumbuka miaka hiyo ya mwanzo wa 1970 vilevile kwa foleni na mgao wa chakula. Mama yangu alikuwa akisema kwamba rangi aliyokuwa akiitamani kuiona ilikuwa nyeupe ya mchele.

Seti ziliwekwa mahala pa umma, watu watazame pamoja. Nakumbuka nikiwa na umri wa miaka 7 au 8 nimekaa juu ya mchanga, mbele yangu vichwa vya watu wazima, na juu ya vichwa hivyo kipande cha picha ambacho nilikiona kwa kuinuka na kukaa. Sikumbuki kilichoonyeshwa. Nakumbuka yule mtu aliyekuwa na ufunguo wa sanduku la seti, na jinsi alivyoheshimiwa mtaani kuliko mwalimu.

Katika mwaka ule ule wa 1973, upande wa Bara, Mwalimu Nyerere alikuwa na jawabu jingine. Televisheni aliiona kuwa ni anasa ambayo ingewafaa watu wachache wa mijini kwa fedha za watu wengi wa vijijini, na Bara ikakaa bila ya kituo kwa miaka 20 zaidi. Lakini haikukaa kimya. Mwaka huo huo redio ilitumika katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na redio yake, kijitabu chake na kiongozi wake, na kipindi kilipokwisha walijadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Kwa mizani ya shemeji yangu, ya kilo na shilingi, sijui kama imewahi kupatikana katika nchi yetu redio iliyolipa kuliko ile.

Mimi ni mtu wa Visiwani, na ingenipendeza kusema kwamba sisi ndio tuliopatia. Siwezi. Wala siwezi kusema kwamba Bara walipatia, kwa sababu marufuku ya muda mrefu nayo ina bei yake. ITV ilipoanza mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kufungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, ilikuta nchi yenye mafundi wachache wa picha na watazamaji wenye kiu ambao wangekunywa chochote. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye kabisa. Hata hivyo nikitakiwa niseme ni upi kati ya uamuzi wa Raha Leo na ule wa vikundi vya redio ambao ulimhesabu vizuri zaidi mtu wa chini, nitasema ule wa redio. Walioununua walijua watautumia kwa kazi gani kabla ya kutoa fedha.

Kati ya marufuku na ruhusa palikuwa na mlango wa uani, nao ni mkanda wa video. Hapa naomba subira ya msomaji, maana ni jambo linalonigusa kama mfasiri. Katika vibanda vya video, ambavyo vijana waliviita vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake na joto lake, alikuwapo mtu asiyeonekana aliyesema juu ya picha. Mashuhuri kuliko wote Dar es Salaam alikuwa Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu wote walimjua kwa jina la Lufufu. Filamu ya Kihindi, ya Hong Kong au ya Marekani ilipita kinywani mwake na kutoka na watu wanaozungumza kama wa Manzese, wenye wivu wa Manzese na madeni ya Manzese. Wasomi walimcheka. Mimi niliyehangaika miezi mitatu na ukurasa mmoja wa mshairi wa Kiingereza sikumcheka. Alikuwa akifasiri papo hapo, akitoa sauti za watu wote, na hakuna mtazamaji aliyetoka kibandani akiuliza yule mwanamke alisema nini. Kiingilio kilikuwa fedha ya kitoto. Thamani kubwa ya kibanda ilikuwa katika ile sauti, na hiyo haikuwamo ndani ya mashine.

Wachina walilielewa jambo hili baadaye kwa njia rasmi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake, imetiwa Kiswahili kizima kizima, na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina. Mama mkwe wangu wa Mponde, ambaye hajapata kufika Morogoro, aliwahi kunieleza shida za ndoa za Beijing kwa kirefu, na ushauri juu.

Tunafika mlimani sasa. Mponde iko Bumbuli, katika Usambara ya Magharibi, na mlima una tabia yake mbele ya mawimbi. Mawimbi ya mnara wa televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, na bonde lililofichwa na kilele haliyapati, au hupata mabaki yake. Seti ya shemeji, yenye chogo refu nyuma, ilikuwa ikionyesha watu waliofunikwa na chenga hata usijue kama ni harusi au mazishi. Ndipo ikaja habari ya mfumo wa dijitali. Mataifa yalikuwa yamekubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba urushaji wa analojia ukome ifikapo Juni 2015. Tanzania haikungoja. Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga mwezi mmoja baadaye, mwisho wa Januari 2013. Aliyetaka kuendelea kuona alipaswa kununua king'amuzi.

Huo ulikuwa Januari. Mwaka huo huo wa 2013 kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa, kutokana na mgogoro baina ya wakulima na waendeshaji wake. Jani la chai lina kiburi. Likishachumwa halingoji, linataka lifike kiwandani siku ile ile, na kiwanda kikifungwa mkulima hana la kufanya nalo isipokuwa kulitazama likikauka. Miche isiyochumwa ilirefuka ikawa miti. Mashamba yaliyokuwa yamekatwa sawasawa kama zulia yakarudi kuwa msitu, na vijana wakashuka Mombo kupanda mabasi. Basi mwaka ambao serikali ilimtaka shemeji yangu anunue kisanduku ndio mwaka ambao majani yake yalikoma kuwa fedha. Seti iliwekwa juu ya kabati ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kikawekwa chombo cha maua ya plastiki. Ilikaa hivyo miaka mingi. Sijapata kuona picha ya uchumi wa nchi iliyo wazi kuliko ile.

Dishi alilinunua baadaye, hali ilipompa nafasi. Dishi halijali mlima. Linaangalia juu, kwenye setilaiti, na chombo kama cha Azam, kampuni iliyoanza kurusha matangazo yake Desemba 2013, kilifika katika mabonde ambayo hakuna mnara uliokuwa na haja nayo. Alilipa kifurushi kila mwezi alioweza, na mwezi asioweza alisubiri. Halafu Agosti 2018 akaamka asubuhi na chaneli za nyumbani, zile za bure, zimetoweka kwenye king'amuzi. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeamua kwamba leseni za kampuni za malipo haziruhusu kuzibeba chaneli hizo. Kisheria pengine ilikuwa na hoja. Lakini mtu wa Mponde aliyenunua chombo kwa ajili ya taarifa ya habari alibaki na mpira wa Ulaya, na hakuna aliyemrudishia tofauti.

Nilipokuwa nikiyatafakari haya nilikifungua tena kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, ambacho sehemu zake zilianza kupigwa chapa Magila mwaka 1895. Nadhani ni miongoni mwa nathari bora tulizonazo, na inasomwa kidogo mno. Humo mna kisa cha Usambara baada ya kufa mfalme Kimweri ye Nyumbai, wakati mji wa Vuga uliokaa juu mlimani ulipoanza kushindwa na Semboja aliyekaa chini Mazinde, kando ya njia ya misafara. Semboja alipata bunduki kwa sababu alikuwa karibu na wauzaji. Wa Vuga nao wangeweza kuzipata bunduki. Kilichowashinda ni umbali na baruti. Bunduki isiyo na baruti ni mchi wa kutwangia, na baruti ilibidi ipandishwe Vuga kutoka chini.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu ya shemeji. Kisanduku hiki kipya si mgeni tena duniani. Roku ilikitoa cha kwanza cha namna yake Mei 2008, kwa dola 99, kwa ajili ya kuonea filamu za Netflix, na Netflix yenyewe ilifungua huduma yake kwetu pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100 Januari 2016. Ndani yake ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Haina picha hata moja. Picha huitafuta nje, saa ile ile, kwa njia ya intaneti, na baruti yake ni bando. Kwa ubora wa kawaida, saa moja ya filamu hula kiasi cha GB 1, na kwa ubora wa juu inafika GB 3. Familia ya Mponde ikitazama saa mbili kila jioni kwa siku 30, ni GB 60. Kwa bando la simu analolinunua shemeji, la shilingi 2,000 hivi kwa GB moja, ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwezi wa pili haujakwisha, bando limekwisha kuipita bei ya kisanduku. Wakitaka picha safi, kama ile waliyoonyeshwa dukani, ni shilingi 360,000. Kwa majani ya chai sikuthubutu kuigeuza.

Mwanawe hakukosea, na nilimtetea kwa baba yake. Anakoishi yeye Dar es Salaam nyumba ina waya wa intaneti unaolipiwa mara moja kwa mwezi, utazame usitazame, na jirani wanachangia. Tangu mkongo wa Seacom ulipofika pwani yetu Julai 2009 bei za mjini zimekuwa zikishuka. Kwake kisanduku ni rahisi kweli. Kosa lake ni la kila mtu aliyehamia mjini, kuamini kwamba kitu ni kile kile popote unapokiweka.

Palikuwa na jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema, nami sidhani alilijua. Visanduku hivi huzeeka kabla ya kuharibika. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya visanduku vya zamani vya Roku, vizima, havina kasoro, taa zinawaka. Programu ilikuwa imekwenda mbele na kuviacha. Redio ya sufuria, ukiipata leo na betri yake, itasema.

Nilipanda Mponde mwenyewe mwezi uliofuata, kwa basi la Soni, nikiwa na simu mbili za mitandao miwili. Tulizunguka nyumba kutafuta mtandao. Jikoni haupo. Sebuleni, pale kwenye kabati, upo kidogo na hupotea ukungu ukishuka, au ndivyo shemeji anavyoamini. Mahala pazuri kuliko pote palikuwa nje, nyuma ya banda la ng'ombe, kwenye jiwe. Tulikaa hapo wawili tukitazama taarifa ya habari kwenye simu, ikisimama na kuendelea, na ng'ombe akitupumulia. Nilimwonyesha hesabu yangu kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema kwamba ada ya muhula inaanza kudaiwa tarehe 5.

Ndani mama mkwe alikuwa amekwisha kuwasha redio yake. Ana umri wa miaka 80 na ushei na husikiliza ameiweka begani kama mtoto. Alituuliza tulikuwa wapi. Shemeji akamweleza kwa Kishambaa, kwa heshima, habari za kisanduku, kwamba kina filamu za dunia nzima na mtu hujichagulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili, akauliza kama kinasoma matangazo ya vifo.

Nikamwambia hapana, mama.